Jengo Lililoanguka Kwenye Ripoti: Kumuaga Mhandisi Mwanakhamis Faki

Tarehe 31 Desemba mwaka huu, Mhandisi Mwanakhamis Faki Juma atatimiza miaka ishirini na saba ya utumishi katika Kitengo cha Uchanganuzi wa Miundo cha ofisi yetu hapa Guangzhou, na siku hiyohiyo atastaafu. Katika muda huo ameangusha majengo mengi kuliko mhandisi mwingine yeyote tunayemfahamu: maghorofa ya ofisi, shule, hospitali, kumbi za maonyesho, na mnara mmoja ambao aliuangusha mara tatu kabla ya chakula cha mchana kwa sababu mteja hakupendezwa na namna ulivyoanguka mara ya kwanza. Yote ameyaangusha kwenye kompyuta. Hakuna hata moja lililomwangukia mtu, na ndiyo sababu tunamfanyia sherehe.

Kwa wageni wetu ambao si wahandisi, kazi ya Bi Mwanakhamis inaitwa uchanganuzi usiofuata mstari. Hesabu za kawaida huchukulia kwamba ukilisukuma jengo mara mbili ya jana, litapinda mara mbili ya jana, na ukiliachia litarudi lilivyokuwa. Ni hesabu nzuri, ila majengo hayajaisoma. Jengo halisi hupinda kidogo, likavumilia, likavumilia tena, halafu zege likapasuka, nondo zikavutika, boriti moja ikachoka na kumtupia jirani yake mzigo. Kuanzia hapo mambo hayaendi tena kwa mstari. Bi Mwanakhamis ana maelezo mafupi zaidi.

“Ni kama kukaa nyumba moja na wifi,” huwaambia wanafunzi wanaokuja mafunzoni. “Siku ya kwanza akikutupia neno, unacheka. Baada ya mwaka neno lilelile, sauti ileile, unafungasha virago. Neno halikuzidi uzito. Wewe ndiye uliyebadilika.”

Maelezo hayo yalitafsiriwa kwa Kichina, na tunaambiwa kuna chuo kimoja hapa jijini ambako mwanafunzi aliyaandika kwenye mtihani, wifi na vyote, akapewa alama kamili.

Alizaliwa Makunduchi, akasomea uhandisi Dar es Salaam, kisha akaja Guangzhou kwa shahada ya uzamili akiwa na sanduku moja na nia ya kurudi mara atakapomaliza. Kilichomzuia ni tasnifu. Alichagua jengo ambalo programu ya kompyuta ilikataa kumaliza kulikokotoa, naye akakataa kuondoka kabla haijalimaliza. Walivutana hivyo, yeye na mashine, mpaka siku jibu lilipopatikana. Viza ilikuwa ukingoni, profesa wake alishastaafu, na ofisi yetu, iliyosikia habari za mwanamke wa Kizanzibari anayegombana na kompyuta kwa Kiswahili na kushinda, ilikwishamwandalia meza.

Wenzetu wa Kichina humwita Mo Gong, yaani Mhandisi Mo. Wafanyabiashara wa nyumbani humwita Bi Mwana. Mwandishi wa wasifu huu, aliyekaa meza ya jirani yake kwa miaka mingi, humwita Dada, ila siku akikosea hesabu yeye mwenyewe humwita Mheshimiwa.

Miaka yake ya mwanzo ofisini ilikuwa na kasoro ndogo ya mawasiliano. Kila adhuhuri, wenzake walipojinyoosha kwenye vitanda vyao vya kukunja kupumzika, yeye alikwenda chumba cha michoro, akatandika mswala kati ya makabati, akaswali. Mtu mmoja alichungulia akamwona ameweka paji la uso sakafuni. Alipochungulia tena kesho yake, hali ilikuwa ileile. Akampelekea taarifa Mkurugenzi Xu kwamba mhandisi mpya anaikagua sakafu ya chumba cha michoro kila siku, kwa karibu sana, tena husimama na kurudia kana kwamba haamini alichokiona. Mkurugenzi Xu hakuwa mtu wa kupuuza dalili. Makabati yalihamishwa, vipimo vya nyufa vikabandikwa ukutani, na ghorofa ya chini yetu ikaombwa isifanye mikutano mikubwa. Bi Mwanakhamis alipouliza kuna nini, akaambiwa kwa heshima, “Tunasubiri utuambie wewe.” Alipoeleza, alicheka yeye, akacheka Mkurugenzi, na chumba kikabaki kitupu bila makabati, jambo lililomfaa sana.

Wengi wenu mnakumbuka pia arusi ya Ilham, binti wa jamii yetu ya Afrika Mashariki hapa jijini. Ukumbi ulikuwa mzuri, taa nzuri, na jukwaa la maharusi katikati ya ukumbi, ghorofa ya pili. Bi Mwanakhamis aliingia, akatazama sakafu, akatazama wanawake waliokuwa wanajiandaa kucheza, akaagiza jukwaa lisogezwe mpaka kwenye nguzo. Hakuna aliyebishana naye. Ndiyo maana katika picha zote za arusi ile bwana harusi yuko kushoto, bibi harusi yuko kulia, na katikati yao kuna nguzo ya zege yenye nguvu nyingi.

Lakini tukio ambalo watu wa hapa watalisimulia tutakapokuwa tumeondoka wote ni lile la Jumba la Bluu.

Jumba la Bluu liko Sanyuanli. Jina lake la Kichina ni refu. Sisi tunaliita hivyo kwa sababu ya vigae vyake. Chini kuna maduka ya jumla, juu kuna ofisi za kusafirisha mizigo na maghala. Ghorofa ya tatu alikuwa na ofisi Mbarak, mfanyabiashara wetu kutoka Unguja, na ghorofa ya nne, moja kwa moja juu ya ofisi yake, alikuwa amepanga mahodhi ya kuogea, yale marefu ya kulala ndani kama ya hotelini, yakisubiri kontena la kwenda bandari ya Huangpu. Ghorofa ya tano alikuwepo Wangeci kutoka Nairobi na shehena yake ya mawigi.

Meneja wa jengo, Bwana Liang, aliagiza jengo lake lichunguzwe. Kampuni aliyoiajiri, ambayo hatutaitaja kwa kuwa imekwishafunga na aliyefanya kazi ile sasa anauza maua na ana furaha, ilijenga jengo lote ndani ya kompyuta na kuanza kulisukuma kidogokidogo. Ilipofika hatua fulani, programu ikasimama. Maandishi mekundu yakatokea kwamba hesabu haiwezi kuendelea. Mchanganuzi akayatafakari, akaandika kwenye ripoti, kwa wakati timilifu na bila shaka yoyote, kwamba jengo limeanguka. Ripoti ikapigwa muhuri.

Bwana Liang ni mtu mwadilifu. Maishani mwake hajawahi kubishana na muhuri. Aliisoma ripoti akiwa ofisini mwake, ndani ya jengo lililohusika, akasikitika sana, akashuka na kubandika tangazo mlangoni: JENGO HILI LIMEANGUKA. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU.

Simu ya Bi Mwanakhamis ililia asubuhi ileile. Mwandishi alikuwepo.

“Bi Mwana,” Mbarak alisema, “jengo letu limeanguka.”

“Innalillahi! Uko wapi wewe? Umeumia?”

“Nimo ndani.”

“Ndani ya wapi?”

“Ndani ya jengo. Ofisini. Nakunywa chai.”

Bi Mwanakhamis akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. “Mbarak, juu yako kuna nini?”

“Kuna dari. Juu ya dari mahodhi yangu. Juu ya mahodhi Wangeci. Sote tumeanguka, Bi Mwana, njoo ututazame.”

Tulipofika, mambo yalikuwa yamekwenda mbali. Lifti ilizimwa kwa sababu jengo lililoanguka halina lifti. Wapeleka vifurushi waliacha mizigo kando ya barabara kwa sababu kwenye simu zao anwani ilikuwa imefutwa. Mlinzi alivalishwa kofia ngumu, cheo chake kikabadilishwa kuwa mlinzi wa magofu, naye akaanza kuwakataza watu kupiga picha. Jengo la jirani lilileta maua ya rambirambi. Na pale mbele palikuwa na lori la Laoban Huang, mkandarasi aliyeitwa kuondoa kifusi. Laoban, kwa wasiojua, ndiyo bosi.

“Kifusi kiko wapi?” Laoban Huang alikuwa akiuliza.

“Hiki hapa,” Bwana Liang alimjibu, akinyoosha mkono kwenye jengo.

“Hiki kimesimama.”

“Ndiyo, lakini kimeshapigwa muhuri.”

Walikubaliana kwamba kama hadi Jumatatu kifusi hakijapatikana, Laoban Huang ataleta mashine za kukitengeneza. Kila kitu kilichomo ndani kingekwenda nacho, maana kwa mujibu wa tangazo vitu hivyo vilikuwa vimeshaharibika.

Wangeci alikuwa amesimama kwenye ngazi na begi la mawigi kila bega. “Aki Bi Mwana, mwambie huyu jamaa,” alisema. “Nimemwonyesha mlango. Nimemwonyesha ukuta, nimeugonga hivi, ko ko ko. Ananiambia meiyou, meiyou, hakuna. Hakuna nini, na mimi niko hapa nagonga?”

Sote tulitegemea Bi Mwanakhamis atoe neno moja kwamba jengo ni zima, acheni upuuzi. Hakulitoa. Aliingia, akazipapasa nguzo alizoweza kuzifikia, akaweka sikio ukutani, akatoka, akaamuru watu wote watoke nje na pasiwe na mtu wa kurudi.

Mbarak hakuamini. “Bi Mwana, sisi tumekuita utuokoe, umekuja kututoa!”

“Mie nimekuja kujua kwanza,” alimjibu. “Ripoti kuwa ya kijinga haina maana jengo ni zima. Ungekuwa mgonjwa, daktari akakwambia umekufa, ungetoka mbio ukacheze mpira?”

Hapo ndipo wafanyabiashara walipomkasirikia. Walimwona amejiunga na Bwana Liang. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba elimu ikizidi humsahaulisha mtu kwao. Bi Mwanakhamis alilisikia, akaenda zake ofisini.

Alipoifungua kazi ya kampuni ile, alikuta mambo ya ajabu. Mahodhi ya Mbarak yalihesabiwa yakiwa yamejaa maji mpaka ukingoni, kwa kuwa hodhi ni la kujazwa maji. Mawigi ya Wangeci, ambayo kwenye mikataba yaliandikwa kuwa ni nywele za binadamu, yaliingizwa kama binadamu. Ghorofa ya tano nzima, ndani ya kompyuta, ilikuwa imejaa watu waliobanana mabega, wamesimama kimya juu ya mahodhi yanayofurika. Juu ya hayo, mashine iliamriwa iruke hatua kubwa mno, ikakosa pa kukanyaga, ikasimama.

“Programu ikishindwa kupata jibu,” alituambia siku hiyo, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu, “imeshindwa programu. Jengo huenda halina habari.”

Aliwaondoa binadamu. Aliyamwaga maji. Akaanza upya kwa hatua ndogondogo, na jengo likatembea naye: likapinda, likapasuka hapa na pale, likagawana mizigo, likaendelea kusimama kupita pale sheria inapotaka. Lakini lilitegemea kila nguzo iwe kama ilivyochorwa, na yeye hakuweza kuziona zote, maana nyingi zilifunikwa na makabati na shehena. Ilibidi jengo lenyewe liulizwe. Katika kazi yetu hilo hufanywa kwa kulibebesha mzigo halisi taratibu, ukipima linavyoshuka, kisha unauondoa mzigo na kupima kama linarudi.

Bwana Liang alikataa. Kibali cha jaribio hutolewa kwa jengo, naye hakuwa na jengo. Ilihitajika saini yake kuthibitisha kwamba lipo, na ili atie saini ilibidi alitazame kwa ndani.

“Siingii,” alisema. “Litaniangukia.”

“Laoban Liang,” Bi Mwanakhamis akamwambia kwa upole, “tangazo lako linasema limeshaanguka. Likuangukieje tena?”

Bwana Liang akalitazama tangazo. Akalitazama jengo. Akarudi kwenye tangazo. Ilionekana wazi kwamba ndani ya mtu huyu mihuri miwili ilikuwa inapigana.

“Basi,” alisema hatimaye, “inawezekana halijaanguka lote.”

“Hilo ndilo ninalotaka tulipime,” akamjibu. Alimwingiza mpaka ukumbi wa mlangoni, mahali alipokwishaweka nguzo za muda za chuma, na saini ikapatikana.

Ilikuwa Jumamosi, na mashine za Laoban Huang zilikuwa zije Jumatatu. Mifuko ya maji inayotumiwa kwa majaribio kama hayo ilikuwa mji mwingine. Bi Mwanakhamis alikaa akafikiri, kisha akamwita Mbarak.

“Yale mahodhi yako,” alimuuliza, “yana vizibo?”

Hivyo ndivyo lilivyofanyika jaribio ambalo hatujasikia mfano wake. Mafundi waliweka nguzo za muda chini ya ghorofa ya nne, zikiachiwa nafasi ndogo kwa juu ili zisilisaidie jengo ila likizidiwa. Mipira ya maji ilipitishwa madirishani, na valvu zikabaki nje, kwenye ngazi ya chuma ya dharura. Hakuna aliyeruhusiwa ndani. Kamera zilisoma vipimo, na Bi Mwanakhamis alikaa ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, akafungua maji kwa ishara ya kidole. Mahodhi ya Mbarak yakaanza kujaa, kwa hatua, kama ile ripoti mbovu ilivyoyaota.

Mtaa mzima ulikuja. Wauza viatu walifunga maduka. Wangeci alikusanya kikundi chake cha kanisa, wakaimba kwa sauti ya chini. Mbarak alisimama peke yake, macho kwenye dirisha la ofisi yake. Laoban Huang aliketi ndani ya lori lake, injini inanguruma, akiwa na matumaini yake.

Ghorofa ilishuka kidogo, ikashuka tena kidogo, karibu sawa na ilivyotabiriwa. Mahodhi yakafika mstari uliowekwa. Kisha kwenye kipaza sauti cha kamera, upande wa nyuma, ukasikika mlio mdogo kama mtu anavunja biskuti.

“Funga,” alisema Bi Mwanakhamis. Maji yakafungwa. “Fungua vizibo.”

Kamba zilizofungwa kwenye vizibo zikavutwa, na maji ya mahodhi yote yakaporomoka kwa mabomba, kwa ngazi na kwa madirisha, yakajaza mtaa mpaka kwenye visigino vya wauza viatu. “Jamani,” Wangeci akasema, “sasa limelia.”

Vipimo vikaanza kurudi. Kimoja baada ya kingine vilirudi mahali pake, isipokuwa kimoja. Boriti iliyo juu ya ofisi ya Mbarak ilipanda kidogo, ikagoma.

Mafundi waliiwekea vyuma zaidi, ndipo Bi Mwanakhamis akaingia, na Mbarak nyuma yake. Waliitoa friji iliyoegemea nguzo ya nyuma ya ofisi. Friji ilikuwa imekaa vizuri sana, kama imezaliwa pale. Nyuma yake nguzo haikuwa nguzo nzima. Upande mmoja ulikuwa umechongwa shimo la kuitosha friji, zege limekwanguliwa, na nondo mbili zimekatwa kwa msumeno.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Mbarak alikuwa ameshainamisha kichwa.

“Haikuingia, Bi Mwana,” alisema. “Niliipima vibaya dukani. Ikawa inazuia mlango. Nikaona nguzo ni nene, haitakosa kitu.”

Walikaa ukumbini, kwenye madumu yaliyopinduliwa, maji bado yanadondoka. Mwandishi alikuwa karibu, akijifanya anaandika.

“Usiniandike,” Mbarak alisema. “Sema ilikuwa mbovu tangu zamani. Nitafukuzwa. Watoto wangu wanasoma kwa ofisi ile. Wewe ndiye uliyenisimamia arusi yangu, Bi Mwana. Sisi ni wa nyumbani.”

Bi Mwanakhamis alilifungua daftari lake, akalifunga, akalifungua tena. Tuliomzoea hatujawahi kumwona akitafuta neno namna ile.

“Nikiandika ilikuwa mbovu tangu zamani,” alisema, “watauliza nani aliimwagia zege. Aliyeimwagia nguzo hii ndiye aliyezimwagia zote. Watazishuku zote, na Jumatatu yule bwana wa lori ataingia. Nikiandika friji, patatengenezwa nguzo moja, na wenzako wote watabaki na maduka yao. Sina jibu la tatu, Mbarak. Lingekuwepo ningelitafuta mpaka asubuhi.”

Mbarak alitazama nje, mtaani, ambako Wangeci alikuwa akikamua maji kwenye wigi. Akajipangusa uso kwa kiganja.

“Basi andika friji,” alisema. “Ila jina langu uliandike sawasawa. Mbarak. Si Mubaraka.”

Aliliandika sawasawa. Ripoti ile, yenye kichwa cha habari kirefu ambacho kwa Kiswahili kingekuwa Taarifa ya Kutoanguka kwa Jengo, ilipigwa muhuri mkubwa kuliko wa kwanza. Bwana Liang aliusoma muhuri, akafarijika, akabandika tangazo jipya: JENGO HILI LIMEACHA KUANGUKA. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. Nguzo ikavikwa koti la chuma na zege. Mlinzi aliombwa arudishe kofia ngumu. Alikataa, na anayo mpaka leo. Laoban Huang, ambaye mkataba wake ulisema hataondoka bila kifusi, alikabidhiwa gunia moja la zege lililobanduliwa kwenye nguzo wakati wa matengenezo. Alilipakia kwenye lori lile kubwa, akalifunga kamba, akaondoka nalo polepole huku taa zake za tahadhari zikiwaka.

Mbarak alipoteza ofisi, kama alivyojua. Mwezi mzima hakumpigia Bi Mwanakhamis simu, naye Bi Mwanakhamis mchana alikuwa akiiweka simu mezani mahali anapoiona. Siku ya Idi Mbarak alibisha hodi nyumbani kwake na sahani ya halua. Walikula bila kuzungumza habari za majengo. Mahodhi yalifika Huangpu, yakapakiwa, na tunasikia kwamba Dar es Salaam yalinunuliwa kwa haraka isiyo ya kawaida, baada ya Mbarak kuyatangaza kuwa ndiyo mahodhi pekee duniani yaliyowahi kupima jengo. Leo ana chumba cha maonyesho karibu na Pazhou, ghorofa ya chini, na kila fundi anayekuja kutoboa ukuta humzuia mlangoni na kumuuliza maswali.

Kutokana na tukio hilo ofisi yetu ilitunga kanuni, inayofuatwa mpaka leo, kwamba hakuna maandishi mekundu ya programu yatakayopelekwa kwa mteja kabla ya mtu kwenda kwa miguu yake kulitazama jengo. Bi Mwanakhamis alifundisha kizazi kizima cha wahandisi kwa kanuni hiyo. Aliwafundisha pia kutofautisha kati ya jengo lililochoka na hesabu iliyochoka, na kumheshimu mpangaji hata akiwa amekosea, kwa sababu yeye ndiye anayelala humo. Alitunukiwa cheti cha mkoa kwa kazi ya kuimarisha shule za zamani, cheti ambacho alikitumia kuzibia dirisha lililokuwa linapitisha upepo, mpaka Mkurugenzi Xu alipokiondoa na kumnunulia pazia.

Hakuwa mtu rahisi kila siku. Alikuwa akizirudisha kazi zetu zimejaa wino mwekundu. Hakukubali neno “takriban” bila kuuliza takriban ya nini. Alipokuwa na njaa haikufaa kumsogelea. Lakini mwandishi huyu alipofiwa na mama yake huko Machakos na akakosa ndege, ni Bi Mwanakhamis aliyekaa naye siku nzima uwanja wa ndege, akimhesabia majengo yote ya Nairobi ambayo hayataanguka, mpaka ikapatikana nafasi.

Sasa anarudi Unguja. Kaka yake, Marijani, anamjengea nyumba Makunduchi, ya chini tu, isiyo na ghorofa, maana amesema ameshaona ghorofa za kutosha. Michoro ilipofika kwa simu, aliionyesha ofisini kwa fahari, kisha akaisahau kwenye printa.

Tunaomba msamaha wake kwa tulichokifanya. Wahandisi wote wa kitengo, wakiongozwa na Mkurugenzi Xu ambaye hakuwa amegusa programu kwa miaka mingi, waliichukua nyumba ile wakaiingiza kwenye kompyuta na kuanza kuiangusha. Waliipiga tetemeko la nchi ambalo Unguja haijawahi kuliona. Waliipiga kimbunga kutoka pande zote, pamoja na pande ambazo upepo hauji. Walilipakia paa lake nazi. Waliwajaza barazani ndugu wote wa Makunduchi, wakaongeza na wa Kizimkazi, wakawasimamisha mpaka kwenye madirisha. Mkurugenzi Xu aliondoa nguzo moja kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri huku ameshika kiti.

Nyumba ilikataa. Programu ilifika mwisho wa hatua zake zote, ikaandika kwa maandishi ya kijani kwamba haina zaidi ya kufanya, na watu wazima katika kitengo kile wakapiga makofi mbele ya kioo cha kompyuta. Matokeo kamili yamefungwa pamoja na zawadi yako, Dada, yakiwa na saini ya kila mmoja wetu.

Asante kwa miaka uliyotupa, kwa wino mwekundu na kwa kutufundisha kwenda kutazama. Nenda ukakae kwenye nyumba yako. Sisi wote tumejaribu kuibomoa na hatukuweza.

Japheth Mulwa,
kwa niaba ya Kitengo cha Uchanganuzi wa Miundo